Gharama ya Muamala katika Kuingiza Data kwa Wingi

Mwanaisimu anayehamisha orodha ya maneno 50,000 hadi kwenye hifadhidata ya SQLite huenda akadhani kwamba tarakilishi yake imezeeka. Tatizo haliko hapo. Asipoagiza vinginevyo, kila neno huingizwa kama muamala unaojitegemea, na muamala hauhesabiwi kuwa umekamilika mpaka ithibitike kwamba data imefika kwenye diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji takribani mizunguko miwili kwa kila muamala, yaani hukamilisha miamala 60 hivi kwa sekunde. Maneno hayo basi yatachukua karibu dakika 14! Yakitanguliwa na amri ya BEGIN na kufungwa kwa COMMIT, huweza kuingia kwa sekunde chache tu. Diski za kisasa zisizozunguka hupunguza tofauti hiyo, haziiondoi.

Wapo wanaoshauri uthibitisho huo uzimwe kabisa. Ushauri huo ni wa hatari, kwani umeme ukikatika hifadhidata nzima yaweza kuharibika. Muamala mmoja ukikatizwa, kwa upande mwingine, hutanguliwa wote na faili ikabaki jinsi ilivyokuwa. Kwa kazi ndefu, heri kufunga muamala kila baada ya maneno elfu kadhaa, ili litakalopotea liwe fungu moja.