Kabla ya kuweka Linux, badilisha programu kwanza



Tangu Microsoft iache kuitunza Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wengi mumeniuliza swali moja: "Mashini yangu inakataa Windows 11, nihamie Linux?" Kisha yanafuata mengine mawili: "Na michezo? Na Photoshop?" Nitajibu kwa yale yaliyonipata, juu mimi nilihama vibaya, nikapoteza mteja, kisha nikahama vizuri.

Mashini yangu ni ya okazioni: Core i5 ya kizazi cha 6, RAM giga 8. Windows 11 inaomba TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha 8. Basi yangu iko nje. Tena Windows niliyokuwa nayo ilikuwa ya kukrakiwa, na virusi vilikuwa vinaficha mafaili ya kila flashi iliyochomekwa. Nikachoka. Usiku mmoja nikafuta kila kitu, nikaweka Linux Mint. Asubuhi mashini ikawa nyepesi kama mpya, nikaanza kujisifu kwa marafiki.

Siku ya tatu mteja akaleta mwaliko wa ndoa katika faili ya PSD. GIMP iliifungua, lakini vivuli vilikuwa vimepotea na maandishi hayakukubali tena kubadilishwa. GIMP yenyewe nilikuwa siijui. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Mteja akachukua flashi yake, akaenda, hajarudi mpaka leo.

Linux haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: nilibadilisha vitu viwili kwa mara moja, mfumo wa mashini na vyombo vya kazi. Kumbe vyombo karibu vyote vya Linux vinatembea pia ndani ya Windows, na ni bure. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: badilisha programu kwanza, mfumo utafuata. Fanya kazi mwezi mmoja ndani ya Windows hiyo hiyo ukitumia programu mpya tu. Ukiona unaweza kumhudumia mteja bila kurudia za zamani, uko tayari.

Programu zenyewe ni hizi. Kwa picha iko GIMP. Kwa logo na mabango iko Inkscape, inayofanya kazi ya Illustrator. Kwa kuchora kwa mkono, Krita. Kwa kitabu au gazeti linaloenda kwa mchapishaji, Scribus, juu inajua rangi za CMYK. Kwa video, Kdenlive: mashini ikiwa dhaifu, iambie itengeneze proxy, yaani nakala ndogo za video zako. Utakata na kuunganisha kwa nakala hizo, na mwisho itatoa kazi kwa zile za asili. Kwa 3D, Blender. Asidanganye mtu kwamba programu ya bure ni ya watoto: Flow, filamu ya yule paka kutoka Latvia, ilitengenezwa kwa Blender na ikapata Oscar mwaka 2025.

Sasa ukweli mchungu. Photoshop, Illustrator na Premiere hazina toleo la Linux. DaVinci Resolve iko, lakini toleo lake la bure kwa Linux halifungui video za H.264, na simu nyingi zinarekodi hivyo. Kama ofisi yako inakudai PSD au mradi wa Premiere kila siku, bakia na Windows. Si aibu. Chombo kinafuata kazi.

Tuje kwa michezo. Zamani Linux na michezo vilikuwa mbali, lakini mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton ndani ya Steam. Proton inatafsiri maombi ambayo mchezo unayapeleka kwa Windows, ili Linux iyaelewe. Ndiyo inayotumika ndani ya Steam Deck, kifaa cha michezo kilichotoka 2022. Michezo mingi ya mtu mmoja inatembea vizuri. Kabla ya kununua, tafuta jina la mchezo kwa ProtonDB, usome wachezaji wengine wanasema nini.

Mipaka iko miwili. Wa kwanza ni michezo ya mtandaoni yenye walinzi wa udanganyifu wanaoingia ndani kabisa ya Windows: Valorant, Fortnite, League of Legends. Hiyo haitembei. EA Sports FC 25 pia imo, basi wale wa mpira mufikiri mara mbili. Wa pili ni kadi ya picha. Proton inahitaji Vulkan, na kadi za ndani za Intel za kizazi cha 3 na cha 4 hazina Vulkan kamili. Kwa mashini kama hizo, cheza SuperTuxKart au 0 A.D., ni bure na zimeandikwa kwa Linux yenyewe.

Je, Linux gani? Musipoteze wiki kwa swali hili. Kwa wengi wetu ni Linux Mint 22: sura yake inafanana na Windows, itatunzwa mpaka 2029, na haisasishi chochote mpaka ukubali. Wenye kununua mega wanajua thamani ya hiyo. Bazzite ni nzuri kwa anayecheza tu, ila masasisho yake ni mazito. Ubuntu Studio inakuja na programu nyingi za sauti na video tayari ndani.

Jaribu kabla ya kuweka. Shusha faili ya Mint, karibu giga 3, pahali penye wifi nzuri. Iandike kwa flashi ya giga 8 kwa Rufus, kisha uwashe mashini kupitia flashi hiyo. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Angalia wifi, sauti, na hasa printa. Vyote vikikubali, nakili kazi zako zote kwa diski ya nje, uhakikishe zinafunguka kwa mashini nyingine, ndipo uweke. Nafasi ikiwepo, acha Windows kando ya Linux kwa miezi ya kwanza. Na usianze siku umeme unachezacheza: ukikatika katikati ya kugawa diski, unaweza kupoteza vyote viwili.

Leo mialiko ninaitengeneza kwa Inkscape, na mteja akija na PSD ninamwambia mapema: nitaichora upya, unipe siku mbili. Wengi wanakubali. Yule wa kwanza naye pengine angekubali, kama ningekuwa nimejifunza kabla ya kufuta.