Mtoto Aliyeangushwa

Leo tufikiri pamoja juu ya neno tulisikialo mara nyingi: “Alikuwa mdogo, atasahau.” Je, ni kweli?

Katika kitabu cha pili cha Samweli twasoma habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka 5 zilipofika habari za vita, kwamba baba yake na babu yake wamekufa. Yaya wake akamchukua, akakimbia kwa haraka, mtoto akaanguka, akawa kiwete. Vita vikaisha, miaka ikapita. Lakini alipoitwa mbele ya mfalme Daudi, naye sasa ni mtu mzima, alikuwa kiwete bado.

Kwetu Kiamunyi na Nakuru yote, habari hii si ngeni. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha, watoto mgongoni. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Watoto wale leo ni vijana wazima. Miguu yao ni mizima, lakini je, mioyo?

Mtoto akiogopa, mwili wake hutoa homoni za kumwandaa akimbie. Moyo hupiga mbio, usingizi hukatika. Mtu mzima akimtuliza upesi, mwili hurudia hali yake. Bali hofu, kipigo au ugomvi wa nyumbani vikidumu miezi na miaka, ubongo unaoendelea kukua huzoea kungojea hatari, hata penye amani. Ndiyo maana kijana mwingine hushtuka mlango ukigongwa, hukasirika upesi, au hutafuta utulivu katika pombe. Uchunguzi wa madaktari Felitti na Anda, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 habari za utoto wao. Kadiri mateso ya utotoni yalivyokuwa ya namna nyingi, ndivyo ulevi, huzuni nzito na hata maradhi ya moyo yalivyozidi.

Hata hivyo, hiyo si hukumu. Wengi walioteswa hukua vema, hasa wakipata mtu mzima mmoja asiyewaacha. Daudi hakumlaumu Mefiboshethi kwa ulemavu wake. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake siku zote. Miguu haikupona, lakini hakuishi tena kama mtu aliyesahauliwa.

Basi wewe mzazi, nawe mwalimu, kabla ya kumwita kijana mkaidi, jiulize: aliangushwa wapi? Msikilize, usimwambie asahau. Hofu ikimzidi, mpeleke hospitali akazungumze na mshauri, si aibu. Na kwa ajili ya watoto wadogo tulio nao sasa, tuache kupigana mbele yao, na siku za kura tusiwape sababu ya kukimbia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.