Shairi Linapokosa Mjibu

Hapa Modogashe, mabasi ya Wajir yanaposimama abiria wanywe chai ya maziwa, wazee bado hughani gabay, mashairi marefu ya Kisomali. Shuleni nilisomeshwa tenzi, na utenzi humalizika waziwazi: mtunzi hujitaja, hutoa tarehe, pengine huhesabu beti zake. Gabay haifungwi hivyo. Herufi moja hurudi katika kila mshororo tangu mwanzo, na mtunzi hukoma hoja yake inapotimia. Hata hapo, wasikilizaji wanajua kwamba mwingine anaweza kusimama na kujibu.

Mfano mkubwa wa kujibizana huko ni Deelley, mnyororo wa mashairi ulioanza Somalia mwaka 1979. Mshairi Gaarriye alikemea ukabila, mwenzake Hadraawi akaingia, na makumi ya washairi wakafuata, wote wakishikilia herufi D. Kaseti zikayasambaza mashairi hayo. Kila shairi lilikuwa na tamati yake, lakini tamati ya mnyororo mzima haikutungwa na mtu yeyote. Majibu tu ndiyo yaliyokwisha.

Nauheshimu sana utunzi huu unaomwachia mwenzako nafasi. Siku hizi majibu husafiri kwa sauti za WhatsApp hadi kwa Wasomali wa Minneapolis, Marekani, na baadhi hurudi yakiwa makali zaidi.