Je, Wajua? Daktari aliyetishwa na kiini macho
Ninyi wapenda filamu wa Kasungami, itafuteni Ansiktet (1958) ya Msweden Ingmar Bergman. Stockholm, mwaka 1846: Vogler, mfanya mazingaombwe anayejifanya bubu, anapambana na Dakta Vergerus, mtu wa sayansi anayetaka kumuumbua. Daktari anapasua maiti darini akidhani ni ya Vogler, kumbe ni ya mwigizaji mlevi! Akiandika ripoti yake, anaona jicho ndani ya kidau cha wino. Vogler, mzima kabisa, anamwandama gizani hadi anapiga mayowe. Bergman hampendelei yeyote, na hapo ndipo ubora wake: hila ni hila, lakini hofu ya daktari ni ya kweli. Mwishowe Vogler anaitwa ikulu, kutumbuiza mbele ya mfalme.