Pale Chuma Kinaposhikana na Zege

Jengo la chuma, liwe ghala la bandarini, mnara wa simu au karakana ya reli, husimama juu ya msingi wa zege, na uzito wake wote, pamoja na nguvu ya upepo unaotaka kuling'oa, hupita katika sehemu ndogo ambayo mpita njia haitazami kabisa: bamba la chuma lililochomelewa kwenye kitako cha nguzo, bolti nne au zaidi zilizozamishwa ndani ya zege, na tabaka jembamba la uji mzito wa saruji linalojaza nafasi iliyobaki kati ya bamba na msingi. Kiungo hicho kina tatizo ambalo halitokani na ufundi bali na mgawanyo wa kazi, kwa kuwa mhandisi wa chuma hesabu zake huishia kwenye bamba, mhandisi wa msingi huanzia chini ya bamba, na bolti, zilizo katika milki zote mbili, mara nyingi hubaki yatima hadi siku ya kumimina zege inapokaribia.

Ugumu wa hesabu zake unatokana na tabia tofauti za vitu viwili vinavyounganishwa. Chuma kikizidiwa hunyumbuka kwanza na kutoa ishara, ilhali zege, ambalo hustahimili sana kugandamizwa, likivutwa hupasuka ghafla. Kwa hiyo bolti inayovutwa juu inaweza kukatika yenyewe, inaweza kuchomoka kwenye tundu lake, au, na hili ndilo linalowasumbua zaidi wasanifu wa miundo, inaweza kubaki nzima kabisa na kuondoka na bonge la zege lenye umbo la pia, jembamba kwenye ncha ya bolti na pana juu ya uso wa msingi.

Jinsi wahandisi walivyojifunza kulipima bonge hilo ni sehemu ya historia ya kurahisisha kazi yenyewe. Katika kanuni za zamani za Marekani bonge lilichukuliwa kuwa pia ya mviringo yenye ubavu wa nyuzi 45, na pale bolti mbili zilipokaribiana, duara zao zilipandana, hata mhandisi akalazimika kukokotoa maeneo ya vipande vya duara vilivyokatwa, kazi iliyochosha na kuzaa makosa. Mwaka 1995 watafiti Werner Fuchs, Rolf Eligehausen na John Breen walichapisha njia iliyojengwa juu ya majaribio mengi, ambamo ubavu wa bonge unalala kwa takriban nyuzi 35 na umbo lake huchukuliwa kuwa piramidi yenye kitako cha mraba, ambacho kila upande wake ni mara tatu ya kina cha bolti. Miraba inapopandana, eneo lake hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana, hesabu ya darasa la tano. Njia hiyo iliingia katika kanuni za zege za Marekani mwaka 2002, na ndiyo msingi wa sehemu ya kanuni za Ulaya inayohusu bolti za zege, EN 1992-4, iliyotolewa mwaka 2018.

Matokeo yake hayafuati mazoea ya akili. Bolti moja iliyowekwa katika tundu lililotobolewa kwenye zege gumu, kwa kina cha milimita 100, mbali na kingo, katika zege lenye nyufa na nguvu ya megapaskali 25, inaweza kulivuta zege hadi kilonyutoni 38.5, karibu uzito wa tani 4, kabla ya kupunguza kiasi cha usalama. Kina kikiongezwa mara mbili, nguvu huongezeka takriban mara 2.8, wala si mara 4 kama eneo la bonge lingemfanya mtu adhani. Bolti ya pili ikiongezwa umbali wa milimita 100 tu kutoka ya kwanza, nguvu ya zote mbili haifiki maradufu, bali huongezeka kwa theluthi moja, kwa sababu zinagombea zege lilelile. Mkandarasi anayeongeza bolti mbili "kwa usalama" katikati ya nne zilizopo huenda asiwe ameongeza chochote katika nguvu ya zege, isipokuwa matundu.

Hata hivyo, fomula nzuri haitoshi ikiwa namba zinazoingizwa zimeharibika njiani. Kwa kawaida nguvu zilizo chini ya nguzo hukokotolewa katika programu ya miundo, zikahamishiwa kwa mkono kwenye jedwali la kompyuta, kisha zikaandikwa upya katika programu ya kampuni inayouza bolti, na hatimaye vipimo vikachorwa mahali pengine tena. Kila uhamisho ni mlango wa kosa: alama ya kutoa inageuka kuwa ya kujumlisha, hivyo mvuto unakuwa mgandamizo, mhimili wa kaskazini unakuwa wa mashariki, mzigo uliokwisha kuzidishwa kwa kigawo cha usalama unazidishwa tena, au hauzidishwi kabisa. Lipo pia kosa lenye sura ya busara, yaani kuchukua mvuto mkubwa kuliko yote, nguvu ya ubavuni kubwa kuliko yote na mpindo mkubwa kuliko yote, na kuvipakia pamoja, ingawa mara nyingi havitokei kwa wakati mmoja. Kiungo hutoka kikiwa kinene bila sababu, na mteja hulipa. Dawa yake ni kupeleka hali zote za mzigo, moja baada ya nyingine, kwa faili badala ya vidole, na kuacha kompyuta iseme ni ipi inayotawala. Mara nyingi ni ile ya ghala tupu siku ya upepo mkali, wakati nguzo haina uzito wa kutosha kujikandamiza chini.

Programu nyingi za bolti zilizoea kudhani kwamba bamba ni gumu kabisa na halipindi, dhana inayorahisisha kugawa mvuto kati ya bolti, lakini bamba jembamba hupinda, ukingo wake hukandamiza zege na kuwa egemeo, na bolti huvutwa zaidi ya hesabu, kama msumari unaong'olewa kwa nyundo. Siku hizi zipo programu zinazoligawa bamba katika vipande vidogo vingi na kufuata kupinda kwake, nazo ni hatua kubwa, ingawa kwa nguzo za kawaida kuongeza milimita chache za unene wa bamba mara nyingi ni nafuu kuliko siku nzima ya mhandisi mbele ya kompyuta.

Kosa la bolti linaweza pia kuua. Tarehe 10 Julai 2006, huko Boston, Marekani, takriban tani 26 za zege na vyuma vya dari ya handaki la barabara ziliangukia gari na kumuua abiria. Bolti zilikuwa zimegandishwa kwa epoksi, gundi ya kemikali, na wachunguzi wa serikali walibaini kwamba aina iliyotumika, ile ya kukauka haraka, hujivuta polepole inapobeba uzito wa kudumu, jambo ambalo usanifu haukulizingatia. Kinachouma ni kwamba mwaka 1999 mafundi walikwisha kuona baadhi ya bolti zikiwa zimeteremka. Zilirekebishwa, lakini chanzo halisi cha kuteremka kwake hakikutambuliwa. Mwaka 2012 dari ya handaki la Sasago nchini Japani, lililofunguliwa mwaka 1977, iliporomoka nayo na kuua watu 9. Baada ya Boston, kanuni za Marekani zilitaka bolti za gundi zijaribiwe kwa uzito wa kudumu, na anayezifunga kichwachini kwa mzigo wa aina hiyo awe na cheti, maana vumbi lisilosuguliwa na kupulizwa kutoka tunduni hubatilisha hesabu yoyote ya ofisini.

Kwenye eneo la ujenzi matatizo ni ya kawaida zaidi. Fundi chuma hufuata milimita, msuka nondo huridhika na sentimita, na bolti iliyochorwa bila kutazama mchoro wa nondo hukutana na nondo mahali palepale. Michoro yote miwili ikiwekwa katika kielelezo kimoja cha pande tatu, mgongano huonekana mapema. Na bolti zikishikwa kwa kiolezo, yaani kipande cha bamba au ubao chenye matundu yaleyale ya kitako cha nguzo, hazisogei zege linapomiminwa. Zikisogea, kishawishi ni kuzikata au kuzipinda kimyakimya. Kanuni za usalama za Marekani za mwaka 2001 zinakataza bolti kurekebishwa bila idhini ya mhandisi wa muundo, na zinataka kila nguzo iwe na angalau bolti nne, ziweze kuhimili kilo 136 hivi zinazowekwa sentimita 46 nje ya uso wa nguzo, kwa ajili ya fundi anayeipanda kabla haijafungwa na boriti yoyote. Anayesimamisha chuma hapaswi kuanza kabla ya kupokea taarifa ya maandishi kwamba zege limefikia angalau asilimia 75 ya nguvu iliyokusudiwa, au limekomaa kiasi cha kuhimili mizigo ya kusimamishia chuma, na kwamba bolti zilizorekebishwa zilirekebishwa kwa idhini hiyo.