Mashine ya Jahazi Kuukuu: Tafuta Kosa kwa Taratibu

Siku hizi majahazi mengi ya pwani yetu huchukua tanga pamoja na mashine ya dizeli. Nahodha aliyezoea tanga aweza kukiacha chumba cha mashine kimefungwa mpaka mashine izimike, na mara nyingi huzimika bahari ikichafuka, karibu na miamba. Sababu yake yajulikana. Ndani ya tangi kuukuu hutuama maji na taka. Mawimbi ya kusi yakilitikisa, taka hizo hupanda na kuziba chujio.

Mashine ikizimika, kwanza tweka tanga au tia nanga, chombo kisalimike. Kisha usifungue kila kitu ovyo. Tazama chujio: likiwa na tope, litoe utie jipya. Halafu legeza parafujo iliyo juu yake, ukavute mafuta kwa pampu ya mkono mpaka yatoke bila mapovu, maana hewa ikiwamo katika mabomba, mashine haiwaki.

Ikiwa mashine yaenda lakini yapata moto mno, tazama kama maji yatoka pamoja na moshi. Yasipotoka, izime upesi: huenda mwani umeziba tundu la maji, au mapezi ya mpira ya pampu yamekatika.

Mwisho, weka ngama kavu na safi, upate kuliona tone la kwanza la mafuta au maji. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini baharini hakuna mahali pa kujenga ukuta.