Likizo chini ya minazi: nani anapumzika?

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, familia nyingi za mjini huanza kupiga hesabu. Nauli ya kwenda kwa bibi imepanda, hoteli za ufukweni hazishikiki, na watoto hawawezi kushinda mbele ya runinga hadi shule zifunguliwe. Ndiyo maana zipo familia zinazochagua njia nyingine: hema, mikeka, jiko la mkaa, sufuria mbili, na ruhusa ya mwenye shamba la karibu na bahari kulala chini ya minazi yake kwa siku chache.

Kwa msomaji wa Biblia jambo hili si geni. Mambo ya Walawi sura ya 23 inaagiza Sikukuu ya Vibanda. Mavuno yakiwa yamekwisha kukusanywa, kuanzia siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, Waisraeli walitakiwa kuacha nyumba zao na kukaa vibandani siku saba, ili vizazi vyao vijue kwamba baba zao walikaa vibandani walipotolewa Misri. Nehemia sura ya 8 inasimulia jinsi watu walivyopanda mlimani kutafuta matawi, yakiwamo ya mitende, wakajenga vibanda juu ya madari, nyuani na katika viwanja vya mji. Mtu wa Pwani aliyelala chini ya makuti hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini sikukuu ile ilikuwa na sharti ambalo tunapenda kuliruka. Kumbukumbu la Torati 16:14 inataja kwa majina wale wanaopaswa kufurahi: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mungu hakusema baba afurahi na wengine wamhudumie. Aliandika orodha. Ndugu msomaji, tuchukue orodha hiyo twende nayo shambani.

Mwaka jana familia yetu ilikaa siku nne katika shamba la nazi upande wa kusini wa mto Pangani, mkoani Tanga. Ni nchi yenye historia ya jasho. Huko Kikogwe, jirani na mdomo wa mto huo, ndiko Mjerumani Richard Hindorf alikopanda mkonge wa kwanza wa nchi hii mwaka 1893. Miche ilitoka Florida, Marekani, na iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba makubwa yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani. Waliokata majani hayo walitoka mbali, bara na hata nje ya mipaka, wakaitwa manamba, yaani watu wa namba. Mtu alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini katika daftari la shamba alijulikana kwa namba.

Shamba lenyewe halikusimama kwa sababu wageni wamefika. Kabla jua halijachomoza tulisikia watu wakipita karibu na hema, wakizungumza kwa sauti ya chini ili wasiwaamshe watoto. Wakwezi walianza mapema, kwa kuwa jua likishakuwa kali shina la mnazi huchosha maradufu. Mkwezi hupanda kwa vidato vilivyochongwa katika shina, panga likiwa kiunoni, huku hakuna kinachomshika ila mikono na miguu yake. Juu kule hugonga nazi kwa panga, asikilize, aangushe zilizokomaa na kuziacha changa. Akishuka anahamia mnazi wa pili, kisha wa tatu. Chini yupo anayefua nazi juu ya kifuo, na wengine wanapasua na kuanika mbata. Baada ya miezi mitatu hivi wanarudi kwenye minazi ileile, maana mnazi hauna msimu mmoja wa kuzaa. Mkulima wa nazi hawezi kusema kama yule wa mahindi kwamba mavuno yamekwisha.

Maji yalipokupwa, wanawake wa kijiji walishuka mwambani na vijiti mkononi kutafuta pweza. Hawakufuata saa ya ukutani. Bahari ndiyo iliyowaambia waende na ndiyo iliyowaambia warudi. Ijumaa mchana shamba lilitulia kabisa, kwa sababu wengi wa wafanyakazi ni Waislamu na walikwenda msikitini. Nasi tukawataka watoto wetu wasipige kelele, kwa heshima ya wenyeji.

Watoto wa mjini waliona kwa siku nne kitu ambacho vitabu vya shule haviwezi kuwaonyesha: tui linalotiwa kwenye wali wa Jumapili lina mtu aliyepanda juu ya mti kwa ajili yake. Kuanzia hapo sala ya chakula ikawa na uzito mwingine. Unapomshukuru Mungu kwa chakula huku umemwona mkwezi asubuhi, ni vigumu kumsahau mkwezi.

Hapo ndipo swali la likizo linapokuwa swali la imani. Amri ya Sabato tunaijua kwa moyo tangu Shule ya Jumapili, ila mara nyingi tunaisoma kana kwamba inamhusu mtu mmoja mmoja: mimi nipumzike. Soma tena Kumbukumbu la Torati 5:14. Wametajwa mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Sababu imeelezwa wazi: mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe. Na mstari unaofuata unaeleza kwa nini: mlikuwa watumwa Misri. Aliyewahi kunyimwa pumziko na Farao hana ruhusa ya kuwa Farao mdogo nyumbani kwake, wala kambini.

Tuseme ukweli. Zipo familia zinazorudi kutoka likizo na picha nzuri za baharini, lakini katika picha zote mama hayupo, kwa sababu alikuwa jikoni. Dada wa kazi aliletwa pia. Aliamka wa kwanza kuwasha mkaa na kulala wa mwisho baada ya kuosha vyombo, na bahari aliiona kwa mbali akiwa na beseni la nguo. Ukimuuliza alipumzika lini, atatabasamu tu. Wakati huohuo sisi tunasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Bwana ametupa pumziko jema. Amempa nani?

Kwa hiyo, kama familia yako inapanga kupiga hema likizo hii, au hata kukaa nyumbani tu, keti na wenzako mgawane kazi kabla ya siku ya safari. Baba achukue zamu ya jiko. Watoto wakubwa waoshe sufuria na kuteka maji. Dada wa kazi aende kwao na mshahara wake ukiwa kamili, au kama anakuja nanyi, awe na siku zake na nafasi yake mkekani, aitwe kwa jina lake kama watoto wa nyumba hiyo.

Na mkifika shambani, kumbukeni kwamba mmelala mahali pa kazi ya watu. Ukitaka dafu, usimwambie mtoto atupe mawe mtini. Mwulize mkwezi bei, na usimpunje. Nenda taratibu na maswali yako wakati yuko juu ya mti, na usipige hema chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa, kwa usalama wako na kwa nafasi yake ya kufanya kazi. Mkiondoka, pawe pasafi kuliko mlivyopakuta.

Injili ya Yohana sura ya 21 inatupeleka ufukweni. Wanafunzi wamekesha chomboni usiku kucha na hawakupata kitu. Kunakucha, Yesu amesimama pwani. Nyavu zinajaa, samaki 153, lakini kabla hata hawajazifikisha nchi kavu, yeye amekwisha kuwasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate. Bwana mfufuka, aliyeshinda mauti, anawapikia vibarua waliotoka zamu ya usiku, kisha anawakaribisha wale na kuwagawia kwa mikono yake mwenyewe.

Huo ndio mfano tulioachiwa wa kukaa kando ya bahari. Anayestahili kuhudumiwa kuliko wote ndiye aliyeinama kupuliza makaa. Baba anayesoma ukurasa huu asubuhi ya leo huku chai ikiandaliwa na mtu mwingine hana haja ya kungoja Juni. Jiko liko hatua chache tu, na aliye pale huenda hajapumzika tangu Jumapili iliyopita.

Jumapili njema.